Kusitiri na Kuficha

Mjukuu wangu wa kike, aliye darasa la nne, alinijia siku moja na gauni lake la Jumapili. Cheche ya moto ilikuwa imeliunguza karibu na pindo, ikaacha tundu la kupitisha kidole. Nililipokea, nikaketi kwenye cherehani ya marehemu bibi yake, na baada ya saa moja hivi nikamrudishia likiwa na ua dogo la uzi wa manjano pale palipokuwa na tundu. Alilitazama kwa makini, kama wakaguzi wa shule walivyokuwa wakitazama maandalio yangu ya masomo, kisha akauliza: "Babu, sasa watu watadhani hili ua lilikuwapo tangu dukani. Huu si uongo?"

Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka 38, lakini swali hilo lilinishinda papo hapo. Nilimwambia akacheze kwanza. Insha hii ni jibu langu kwake, ingawa huenda asiisome mpaka awe mtu mzima. Ni jibu langu pia kwa watu wengine wawili, ambao msomaji atakutana nao mbele.

Cherehani yenyewe ni ya miguu, Singer nyeusi ambayo maua yake ya dhahabu yamefutika kwa kusuguliwa na mikono. Tuliinunua 1976 mjini Singida kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akifunga duka lake, nami wakati huo nilikuwa mwalimu kijana mwenye miaka minne tu kazini tangu kutoka Chuo cha Ualimu. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1851. Kiwanda kikubwa cha kampuni yake cha Clydebank, Scotland, ambacho mashine zake zilisambaa duniani kote, kilifungwa 1980. Siku hizi barazani kwa mafundi wetu utaona zaidi zile za Kichina za Butterfly, lakini kwa umbo na utendaji ni ndugu moja na hii yangu. Mahatma Gandhi, ambaye aliitilia shaka mashine karibu ya kila namna, aliihesabu cherehani ya Singer miongoni mwa vitu vichache vyenye manufaa vilivyopata kuvumbuliwa. Nami namwunga mkono. Haidai umeme wala mafuta, na mtu akiitia mafuta kidogo na kubadilisha mkanda wa ngozi unapokatika, itamzika yeye na kuwashonea wajukuu zake.

Wengi hudhani cherehani ya namna hii hushona mstari ulionyooka tu. Sivyo. Meno madogo yaliyo chini ya sindano ndiyo yanayokivuta kitambaa. Ukiyashusha, au ukiyafunika kwa kibati katika mashine ambazo meno yake hayashuki, na ukakiondoa kile kiguu cha chuma kinachobana kitambaa, basi mashine haina tena wa kuiongoza. Sindano itapanda na kushuka mahali pamoja, na wewe mwenyewe utakipeleka kitambaa mbele, nyuma na kando kwa mikono miwili, mithili ya mtu anayeandika kwa kusogeza karatasi badala ya kalamu. Hapo ndipo unapoweza kudarizi. Marehemu mke wangu alijifunza kazi hiyo katika masomo ya sayansi kimu, na kwa miaka mingi alidarizi foronya na vitambaa vya makochi vyenye maneno "Usiku Mwema" na "Karibu Mgeni". Nyumba nyingi za walimu wa wilaya yetu zilikuwa na kazi ya mkono wake.

Kwa njia hiyo hiyo hujazwa tundu, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuieleza kwa urefu kidogo, maana hoja yangu yote imo ndani yake.

Kwanza hukatwa nyuzi zilizooza au kuungua pembeni mwa tundu. Jambo hili humtia hofu mwanafunzi, kwa sababu tundu huongezeka ukubwa badala ya kupungua. Lakini nyuzi zilizoungua hazishiki kitu. Pili, kitambaa hubanwa katika fremu ya duara, kikakazwa bila kuvutwa kupita kiasi. Ukikivuta sana, siku ukikitoa kitajikunja. Tatu, hata kama kile kiguu hakipo, ni lazima ushushe mkono wa nyuma unaokishusha. Usipoushusha, uzi wa juu hautakuwa na kitu cha kuubana, na nyuzi zitajikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Juu utaona kazi nzuri, chini ni vurugu. Nne, huanzi kushona kwenye tundu. Unaanzia mbali kidogo, kwenye kitambaa kizima, kiasi cha upana wa kidole, unavuka tundu, na unakwenda kuishia tena kwenye kitambaa kizima upande wa pili. Unakwenda na kurudi hivyo mpaka mistari isimame karibu karibu kama mtande wa mfumaji. Kisha unaigeuza fremu na kuvuka kwa upande mwingine, huo ndio mshindio. Miguu na mikono sharti viende pamoja. Mikono ikikimbia na miguu ikilegea, sindano itapinda na kukatika. Miguu ikikimbia na mikono ikisita, uzi utafanya nundu.

Tundu likisha kujazwa hivyo, ukipenda unaweza kudarizi ua juu yake. Ua si lazima. Lakini ukitia ua kabla ya kujaza, utaona litakavyokuwa. Nimejifunza hilo kwa shati langu mwenyewe, na nitalieleza baadaye.

Sasa niingie katika habari inayonigusa.

Wale waliokuwa watu wazima miaka ile wanaikumbuka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilipungukiwa na fedha za kigeni. Viwanda vyetu vya nguo, kama Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam 1968, na Mwatex cha Mwanza, vilikosa vipuri na kuzalisha chini kabisa ya uwezo wake. Khanga ilipangiwa foleni. Wakati huo huo, kutokana na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977, madarasa yalifurika watoto, nao walihitaji sare. Wavulana walikuja shuleni na kaptula za kaki zenye viraka viwili nyuma, mara nyingine viraka vya rangi nyingine kabisa. Tusione kwamba dhiki hiyo ilikuwa yetu peke yetu. Hao Waingereza ambao mashine zetu zilitoka kwao waligawiwa nguo kwa kuponi kuanzia 1941 hadi 1949, na serikali yao ikachapa vijitabu vya kuwafundisha watu kurekebisha nguo kuukuu.

Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu waliogopa hata kuonekana na mche wa sabuni wasioweza kuueleza. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika wilaya moja ya mkoa huu wa Singida. Kwa kufuata Elimu ya Kujitegemea tulikuwa na shamba la alizeti, na Julai ya mwaka huo tuliuza magunia yetu. Fedha niliziweka katika kabati la ofisi. Wiki mbili baadaye, kabla ya kikao cha kamati ya shule, nilizihesabu nikakuta zimepungua karibu sawa na mishahara yangu miwili.

Haikunichukua siku tatu kumjua aliyezichukua. Alikuwa mwalimu kijana, hodari wa hesabu, mwenye mke aliyejifungua kwa shida. Alilia mbele yangu, akaeleza habari za hospitali na dawa za kununua kwa njia za panya. Nilifahamu kwamba nikimpeleka mbele, mwaka ule usingekuwa na huruma naye. Nikaamua kumsitiri. Mimi na mke wangu tulizifidia fedha zile, sehemu kwa mshahara wangu na sehemu kwa kazi ya cherehani yake, na kijana alinirudishia kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Kwenye kikao niliwaambia wajumbe, ambao tayari walikuwa wamepata fununu, kwamba fedha zilikuwa zimepungua lakini sasa zimepatikana, na kwamba jambo limekwisha.

Halikwisha. Shule ilikuwa na mlinzi wa usiku, mzee mmoja maskini mwenye watoto watano. Watu wakishaambiwa kwamba fedha zilipotea usiku na kurudi bila mwizi kutajwa, hawakosi kumtafuta wenyewe. Walimchagua yeye. Hakuna aliyemshitaki, hakuna aliyemwambia usoni. Walipunguza salamu tu. Baada ya miezi mitatu alinijia, akaniambia, "Mwalimu Mkuu, nimechoka na kazi hii," akahamia kwa kaka yake katika tarafa nyingine. Nilimpa mkono, nikamtakia heri, na nikanyamaza.

Usiku ule mke wangu alikuwa akitia viraka kaptula za watoto. Nilimweleza kwamba mzee ameondoka mwenyewe, na kwamba pengine ni afadhali kwa wote. Hakuinua uso. Alisema, "Mwalimu, umetia ua juu ya tundu. Likifuliwa litatoka." Nilikasirika, kwa kuwa nilijiona nimefanya wema kwa gharama ya mfuko wangu. Hatukulizungumza tena.

Naomba msomaji asiniharakishe kunihukumu, wala asiharakishe kunisamehe, mpaka tulitazame swali lenyewe. Katika desturi zetu kumsitiri mwenzako ni wema mkubwa. Nguo yenyewe jina lake lingine ni sitara. Mtu anayekuta aibu ya jirani akaifunika husifiwa, na anayeitangaza huitwa mmbeya hata kama kila neno lake ni kweli. Lakini wahenga wale wale walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, wahenga walijipinga? Au kusitiri na kuficha ni mambo mawili yanayofanana kwa mbele tu, kama ua lililotiwa juu ya tundu lililojazwa na ua lililotiwa juu ya tundu tupu?

Wako watakaosema kwamba jibu ni rahisi: tushone viraka vinavyoonekana, kila kosa lijulikane, na uongo utakwisha. Nami nilipata kuamini hivyo nilipokuwa kijana, nikawa nikiwasimamisha watoto mstarini na kutaja makosa yao mbele ya shule nzima. Lakini nimewaona pia watoto wenye viraka vya rangi nyingine wakikaa chini wakati wa mapumziko, migongo ukutani, ili wenzao wasione. Kiraka kile kilikuwa cha kweli, lakini ukweli wake haukumjenga yule mtoto. Mama aliyeweza kujaza tundu la kaptula kwa uzi wa rangi ile ile hakumdanganya mtu yeyote. Alimrudisha mwanawe uwanjani akacheze.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kila kinachofunikwa ni uongo. Siwezi pia kukubali kwamba kila anayefunika ametenda wema. Ilinichukua zaidi ya miaka 30 kujua mstari unapita wapi.

Nilistaafu mwaka 2010. Mke wangu alifariki 2016. Mwaka uliofuata, kwa upweke, nilianza kuikalia cherehani yake. Shati langu la kitenge lilikuwa limechanika begani. Nikaona njia fupi ni kutia ua kubwa juu ya mpasuko, bila kukata nyuzi zilizochakaa na bila kujaza chochote. Lilipendeza kweli kweli. Baada ya kufuliwa mara tatu ua liling'oka lote pamoja na kitambaa kilicholizunguka, na tundu likawa kubwa mara nne. Nilikaa na shati lile mapajani, nikamsikia marehemu kama vile yumo chumbani.

Mwaka 2018 nilikwenda kumtafuta yule mlinzi. Nilikuta amefariki 2009. Nilipokewa na mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye wajukuu. Aliniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu", akanipa kigoda, akaniletea togwa. Nilimwambia kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba alijua. Usiku ule alimwona yule mwalimu akitoka ofisini. Alituambia tukiwa wakubwa. Alisema yule kijana ana mtoto mchanga, na mimi nimekwisha kuzaa."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikijihesabu kuwa ndiye niliyemsitiri kijana. Kumbe aliyemsitiri ni mlinzi. Yeye alivua nguo yake mwenyewe akamfunika mwenzake. Mimi nilitoa fedha, hilo ni kweli, lakini jina jema lililotumika kufunika aibu ile halikuwa langu. Nilikata kitambaa kwenye nguo ya maskini bila kumwomba ruhusa, nikajazia tundu la mtu mwingine, kisha nikajisifu kwa ushonaji wangu.

Yule mwana hakuishia hapo. Alisema pia, bila kupandisha sauti, "Lakini sisi watoto tulipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo. Kwa nini hukuja yeye akiwa hai?" Swali hilo sina jibu lake hata leo, nami sitalipamba. Nilimwuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Ukaseme pale pale walipoamini."

Nilimpigia simu yule mwalimu, ambaye naye amekwisha kustaafu na anaishi mkoa mwingine. Alinyamaza muda mrefu, akakata. Siku mbili baadaye alipiga mwenyewe: "Mwalimu, nitaje." Basi katika mkutano wa wazazi wa shule ile nilisimama, nikamtaja, nikajitaja na mimi, nikalitaja jina la mlinzi na kusema hakuhusika. Katika kitabu hiki simtaji yeyote, maana majina yale yalihitajika pale, hapa hayahitajiki. Vijana wengi mkutanoni hawakuelewa tunazungumza habari gani. Wazee wawili watatu walinong'ona kwamba nafukua makaburi. Lakini bibi mmoja, ambaye zamani zile alikuwa akiuza maandazi karibu na shule, alisimama kwa mkongojo wake akasema, "Mimi nilikataa kumkopesha. Maandazi mawili." Akakaa chini.

Hayo ndiyo yaliyonipa vipimo vitatu ambavyo sasa navitumia, kwa nguo na kwa mambo ya watu.

Cha kwanza, je, tundu limejazwa kweli, au limefunikwa tu? Fedha za alizeti nilizijaza, hapo sikudanganya. Jina la mlinzi sikulijaza, na tundu lilikuwa hapo. Mtu anaweza kuziba tundu moja kwa uhodari ili asilitazame la pili.

Cha pili, kitambaa kimetoka kwa nani? Anayesitiri hulipa mwenyewe. Ukiona unamfunika mtu na gharama anaibeba wa tatu ambaye hakuulizwa, hasa wa tatu aliye dhaifu kuliko wewe, ujue umekwisha kuvuka kutoka kusitiri na kuingia katika kuficha. Hapo ndipo mstari unapopita, kwa kadiri ninavyoona.

Cha tatu, je, uko tayari kugeuza nguo? Kazi safi unaweza kumwonyesha mtu upande wa nyuma. Si lazima utembee umeigeuza, lakini akiuliza mwenye haki ya kuuliza, usiwe na kiota cha nyuzi cha kuogopa.

Najua vipimo hivi havimalizi yote. Kama mwaka ule ningesema ukweli wote, huenda kijana angefungwa na mtoto wake akakua bila baba. Sidai kwamba ningepaswa kumtoa. Nadai kwamba ningeweza kusimama kikaoni na kusema: mlinzi hakuhusika, nami namjua aliyechukua, simtaji, na kama ni lazima mtu aulizwe, niulizeni mimi. Hilo lingekuwa kiraka kinachoonekana, nami ndiye ningekivaa. Ningeweza kupoteza cheo. Ndiyo maana sikukivaa.

Na sasa nirudi kwa mjukuu wangu. Jioni ile aliporudi kutoka kucheza, nililigeuza gauni lake, nikamwonyesha upande wa ndani jinsi nyuzi za mtande na mshindio zilivyopita chini ya ua, na jinsi zilivyoanzia kwenye kitambaa kizima.

"Hapa palikuwa na tundu," nikamwambia. "Sasa hapana. Mtu akikuuliza, mwambie palikuwa na tundu, babu akalijaza."

"Na asipouliza?"

"Asipouliza, vaa gauni lako uende kanisani."